Ukimya wa Upande wa Pili

Kadzo na wenzake wameniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu dukani, kwa ajili ya watakaokuja nyuma. Nilipowauliza watakaokuja nyuma ni akina nani, walitazamana. Duka lenyewe siku hizi ni chumba kimoja, kompyuta mbili na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Hata hivyo nimekaa nikaandika, maana mtu aliyestaafu akiombwa jambo hana tena kisingizio cha kazi. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Tulikuwa watu watatu na cheo kilikuwa kimoja, na mwenye nacho ndiye aliyekuwa mwenye duka.

Nilianza katika miaka ya themanini, hapa Malindi, katika duka la radio na kaseti la Mzee Twahiri, kwenye kichochoro kinachotoka sokoni kuelekea mji wa kale. Mimi si mzaliwa wa mitaa ile. Baba yangu alikuja kutoka bara kupika katika hoteli za watalii, nyumba yetu ilikuwa Kisumu Ndogo, na jina langu ni Rozi. Nilikuwa nimejifunza kutengeneza radio, na siku ya kuomba kazi nilikwenda na bisibisi zangu kwenye mfuko, nikidhani ndizo zitakazonisemea. Mzee Twahiri hakuzitazama.

"Una shangazi mjini humu?" aliniuliza.

"Sina, mzee."

"Mama mdogo? Wifi? Rafiki wa mama yako mwenye kupenda kupitapita?"

"Sina."

"Basi uje kesho asubuhi. Na uvae viatu visivyopiga kelele."

Ilinichukua muda kuelewa kuwa nimeajiriwa kwa upungufu wa jamaa. Ni sifa ambayo sijaona chuo kinachoifundisha.

Sababu yake ilikuwa hii. Wakati ule wanaume wengi wa Malindi na Mambrui walikuwa Arabuni, hasa Maskati, wakiendesha magari na kufanya kazi za mikono. Barua zilikuwepo, lakini barua haina sauti, na mtoto hawezi kumjua baba yake kwa mwandiko. Kwa hiyo watu walitumiana kaseti. Mtu alisema maneno yake kwenye kaseti, akampa msafiri, na msafiri akamkabidhi mwenyewe huko alikokwenda. Nyuma ya duka Mzee Twahiri alikuwa na kijichumba kilichotundikwa mazulia ukutani ili kuzuia mwangwi. Tulikiita chumba cha salamu. Ndani mlikuwa na kiti, meza, radio ya kurekodia na feni ambayo ilikuwa lazima izimwe, kwa hiyo hakuna aliyetoka humo akiwa mkavu.

Wanaume waliingia na kusema yao bila taabu. Wanawake ndio waliokuwa shida. Mzee Twahiri aliwajua baba zao, na mke hawezi kusema na mume wake aliye mbali huku anatazamwa na rafiki wa baba. Akatafuta mwanamke wa kubonyeza. Lakini mwanamke wa mjini naye ana shangazi, na shangazi ana jirani, na maneno yangefika sokoni kabla ya kaseti kufika uwanja wa ndege. Ndipo nikapatikana mimi, nisiye na mtu wa kumpelekea habari.

Siku ya kwanza alinipa masharti ya kazi. Yalikuwa mafupi.

"Kazi yako ni kubonyeza," alisema. "Kusikia si kazi yako."

"Na mtu akiniuliza alichosema fulani?"

"Hukusikia."

"Na nikiwa nimesikia?"

Mzee Twahiri alinitazama kwa huruma, kama fundi anavyotazama radio iliyoingia maji. "Mwanangu," alisema, "hujaelewa kazi."

Mengine alinifundisha kwa vitendo. Kalamu ya risasi yenye pembe, si ya mviringo, ndiyo inayoshika meno ya kaseti ukitaka kuurudisha utepe uliolegea. Kichwa cha radio husafishwa kwa pamba na spiriti, na hapa kwetu husafishwa kila siku, kwa sababu chumvi ya bahari huingia popote bila kubisha hodi. Utepe uliokatika huungwa kwa karatasi nyembamba yenye gundi, upande wa nyuma, na ukiunga vibaya mtu atasikika anaruka neno. Mzee Twahiri alisema maneno yanayorukwa ndiyo huwa yale yaliyogharimu safari. Sijaona kosa katika hilo mpaka leo.

Somo gumu zaidi lilikuwa salamu. Mimi nilikulia kwa watu wa bara, ambao wakikusalimia mara mbili wanaona wamekukirimu. Mjini kaseti ilichezwa sebuleni mbele ya nyumba nzima na majirani, na kila aliyekuwepo alingoja kusikia jina lake. Aliyeachwa alinuna. Kwa hiyo upande wote wa kwanza ulikuwa salamu, na upande wa pili ulianza kwa salamu za waliosahauliwa upande wa kwanza. Niliwahi kumshauri bwana mmoja afupishe ili apate nafasi ya kusema habari ya ugonjwa wake. Akafupisha, akamruka mama mdogo wake. Huko nyumbani ugonjwa haukuzungumzwa kabisa, walikaa kikao kuhusu mama mdogo. Tangu hapo sikumshauri mtu.

Jambo jingine la kazi ile lilinishangaza mapema. Kaseti ina vimeno viwili vya plastiki mgongoni, ukivivunja hairekodiki tena juu yake. Mteja wa kwanza kuniachia kaseti nilivivunja, nikiamini ninamhifadhia sauti yake. Mzee Twahiri alipachika pamba mahali pa vimeno ili irekodike tena, taratibu, bila kugomba.

"Umefunga mlango," alisema. "Sasa atajibu wapi?"

Kaseti ilikuwa moja, ile ile, ikienda na kurudi. Mke alisema, mume alisikiliza, kisha akarekodi jibu lake juu ya maneno ya mkewe. Likija, mke alisikiliza na kurekodi juu yake. Kila jibu lilifuta swali lake. Kaseti inaweza kuwa imesafiri Maskati miaka mingi na isibaki nayo ila neno la mwisho. Yakumbukeni hayo mnapoona sanduku la kaseti za salamu, kwa kuwa zilizobaki na sauti ni zile ambazo hazikujibiwa.

Sasa niseme habari ya Bi Rukia, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kuandika.

Rukia alikuwa msichana aliyeolewa na dereva aitwaye Mbarak, aliyekuwa Maskati. Kwao ni Mambrui, lakini aliishi Malindi katika nyumba ya mama yake Mbarak, yaani mavyaa wake, Bi Shamsa. Bi Shamsa ndiye aliyekuwa na radio, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na ndiye aliyerekodi. Aliwapanga watu sebuleni kwa umri. Yeye mwenyewe alianza, akamsalimia mwanawe, akawasalimia wanaolala naye chumba kimoja, akawasalimia na mama zao wasiokuwepo Maskati wala Malindi. Zamu ya Rukia ikifika alisema, "Sote hatujambo, mtoto hajambo," na radio ikaondolewa mbele yake.

Kisha Rukia alitumwa dukani kwetu na kaseti, tuipime kama imeshika vizuri, aende airudishe kwa mavyaa wake, naye aifunge kwa mkono wake ampe msafiri. Siku ya kwanza nilipoipima aliniuliza, akitazama mlango.

"Dada Rozi, pamebaki nafasi huko mwisho?"

Palikuwa pamebaki.

"Na nikisema neno hapo, nyumbani hawatalisikia? Mavyaa yuwaipima tena, simuoni akimwamini mtu."

Niliwaza. Nilikuwa kijana, na mambo ya ufundi yalinipendeza kuliko mambo ya watu. Nikamwambia tuache ukimya. Kaseti ikifika mahali ambapo hakuna sauti, mtu hudhani imekwisha, huizima. Tukiacha ukimya mrefu wa kumchosha mzee, neno lake litakaa nyuma ya ukimya huo kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia.

Tukafanya hivyo. Tulikaa humo ndani sisi wawili, radio ikizunguka, tukitoka jasho na kurekodi kimya. Kisha akamwambia mume wake maneno yake. Mbarak asingejua kuwa yapo, ila siku ya kuisikiliza alikuwa amechoka na gari, akalala kaseti ikiendelea, akaamshwa na sauti ya mkewe akimuuliza kwa nini hamuulizi chochote. Hayo aliyasema mwenyewe katika jibu lake, nyuma ya ukimya wake. Sebuleni kwa Bi Shamsa kaseti ilipofika kwenye kimya, Bi Shamsa alisema, "Alhamdulillahi, kaisha," akazima, akafunika radio kwa kitambaa chake. Rukia akaja na kaseti dukani, ati isafishwe. Akaisikiliza upande ule wa mwisho kwangu, na mimi sikusikia.

Hivyo ndivyo walivyoishi mke na mume, katika sehemu ya mwisho ya upande wa pili.

Alichotaka Rukia kilikuwa kimoja, mume wake arudi. Mbarak alisema mwakani. Mwakani ukifika, alisema mwakani. Mtoto wao, Swaleh, alikuwa amejifunza kutembea na kusema, na kwa kuwa kila alipoambiwa "njoo umsikie baba" aliwekwa mbele ya radio, alikuwa akiiita radio baba. Watu walicheka. Rukia alinieleza siku moja akicheka naye, kisha akaacha. Na Bi Shamsa alikuwa mavyaa hasa. Wali wa Rukia ulikuwa na maji, chai yake haikuwa na tangawizi, na akienda Mambrui kumtazama mama yake aliulizwa kama huku kumemshinda. Kuhusu kurudi kwa Mbarak, Bi Shamsa alikuwa na neno moja mbele ya wote: "Mwanamume yuko kazini, asisumbuliwe."

Siku aliyokuja na kaseti ya mwisho, Rukia hakuketi. Alisubiri ukimya upite, akainama karibu na radio. Hakulia na hakupandisha sauti.

"Mbarak," alisema, "rudi kabla ya mfungo. Usiporudi, mimi na Swaleh twarudi kwetu Mambrui, na talaka yangu umpe msafiri. Sitakuuliza tena."

Nikabonyeza. Aliuweka mtandio vizuri, akaniuliza, "Umesikia?"

"Sikusikia."

"Vyema," alisema, akaenda nayo nyumbani kwa Bi Shamsa.

Kaseti ile haikurudi. Wasafiri walikuja, wakaleta kaseti za watu wengine na kanzu na mafuta mazuri, ya Mbarak haikuwemo. Rukia alikuwa akipita dukani bila kuuliza, anasimama tu mlangoni, na mimi natikisa kichwa. Mwisho akaniambia ameshafunga nguo za mtoto. Nilihuzunika, na nilijishangaa, maana kazi yangu haikuwa kuhuzunika. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema, na mimi niliona dada huyu amerusha fimbo yake mpaka Maskati.

Mfungo ulipokuwa umekaribia kabisa, Mbarak alionekana sokoni na sanduku, akiuliza kama nyumba ya kwao imehamishwa, kwa jinsi mitaa ilivyobadilika. Jibu la kaseti ile lilikuja kwa miguu. Rukia aliniletea halua, akaiweka juu ya kaunta, akaondoka. Mzee Twahiri aliila karibu yote na hakuuliza imetoka wapi, kwa kuwa naye hakusikia.

Baada ya hapo biashara ya ukimya ilistawi. Rukia hakunitaja kwa watu, lakini wake vijana wa mji wote walianza kuja dukani na kaseti zinazotaka kupimwa, wakiuliza kama kumebaki nafasi mwisho. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa miaka michache mshindo huo ulikuwa unapita mikononi mwangu. Rukia mwenyewe aligeuka mtu wa kutolewa mfano. Alikuwa mwanamke aliyemrudisha mume kutoka Maskati kwa maneno yasiyojaza kiganja. Mbarak alipata gari la kuendesha hapa hapa. Bi Shamsa alimwambia kila mgeni kuwa mwanawe alirudi kwa kukumbuka biriani yake, na Rukia alimwacha aseme, akanitazama mimi kwa jicho moja. Waliishi nyumba moja miaka mingi hivyo, kila mmoja akijua ameshinda. Bi Shamsa alipofariki, Rukia alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia, "Alinitesa yule, Rozi, lakini nilimuweza mara moja, na mara moja yatosha."

Yaliyofuata dukani mnayajua au mnayakisia. Zilikuja kanda za video, zikaja santuri ndogo zinazong'aa, zikaja simu, na mume aliye mbali akawa anaonekana uso mzima akitafuna. Chumba cha salamu tukakiwekea mafagio. Mzee Twahiri alitangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na bisibisi yake nyembamba ninayo mimi. Duka lilipokuwa limebakiwa na nzi na mimi, Kadzo alikuja kutoka Magarini na kompyuta, akaandika kibao mlangoni kuwa tunahamisha kaseti za zamani. Nilidhani mtoto wa watu amechanganyikiwa. Wiki ile ile watu walianza kuleta kaseti katika mifuko ya mchele.

Kazi hii mpya inafanana na ile ya zamani kuliko vijana wanavyopenda kukiri. Kalamu ni ile ile. Ukungu hufutwa kwa pamba ile ile. Kisifongo kinachousukuma utepe kwenye kichwa huwa kimeanguka, unakata kingine ukakibandika. Kisha waya mmoja kutoka kwenye deki kwenda kwenye kompyuta, na unakaa. Kaseti ya saa nzima huhamishwa kwa saa nzima. Kompyuta inayoweza kuleta picha kutoka Uchina kabla hujapiga chafya, hapa inangoja salamu ziishe kama sisi tulivyongoja. Jambo hilo hunifurahisha kila siku.

Ugomvi wangu na Kadzo ulikuwa mmoja. Programu yake ilikuwa na tabia ya kukata ukimya. Ikikuta mahali hakuna sauti, inasimama na kusema kazi imekwisha. Mashine ina akili ya mtu mwenye haraka. Nilimwambia aiondoe tabia hiyo. Alicheka akasema, "Mayo, unataka kuhifadhi hewa?" Kwa Kigiriama mayo ni mama, na Kadzo huniita hivyo anapokusudia kutonisikiliza.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu aliileta Bi Rukia.

Alikuja mwenyewe, mtu mzima sasa, amenenepa kwa heshima, na nyuma yake Mbarak akitembelea fimbo ya mkwaju, na nyuma yao mkaza mwanawe, Aisha, akiwa na mtoto mgongoni. Swaleh, yule aliyekuwa akiiita radio baba, naye sasa yuko Doha. Mbarak na Aisha waliketi nje kwenye benchi. Bi Rukia aliingia, akaweka kaseti juu ya meza.

"Ndiyo ile," aliniambia. "Nimeikuta chini ya sanduku la mzee, nikipanga nguo. Kumbe alirudi nayo."

Niliigeuza mkononi. Vimeno vyake vilikuwa vizima. Hakuna aliyeifungia mlango, ni kwamba hakuna aliyejibu juu yake.

"Nataka uitie kwenye simu ya huyu Aisha," alisema. "Kutwa yuwalia kwenye simu, Swaleh atarudi lini, Swaleh atarudi lini. Nimemwambia, mwanamume yuko kazini, asisumbuliwe. Hasikii. Basi na asikize mwanamke wa kweli asemavyo neno moja likatosha."

Nilimtazama kuona kama amejisikia anasema maneno ya nani. Hakujisikia.

Kadzo aliipachika kaseti. Tulizisikiliza salamu zote, maana Bi Rukia alitaka kujua nani walikuwa hai wakati ule, na kila jina alisema, "Rabbi amrehemu." Sauti ya Bi Shamsa ilikuwa nyingi humo. Bi Rukia alikunja mdomo kila ilipopita. Tulipofika upande wa pili ukimya ukaingia, na kompyuta ikasimama.

"Kaisha," alisema Kadzo.

"Hajaisha," tulisema Bi Rukia na mimi kwa pamoja.

Kadzo akaiacha iende. Kwenye kioo mstari ulinyooka, ukaendelea kunyooka, kisha ukapanda, na Rukia yule mdogo akasema yale maneno yake. Bi Rukia alikuwa akitikisa kichwa na midomo yake ikiyafuata neno kwa neno. Yalipokwisha, alijipangusa uso akatabasamu.

"Kata hapo," alimwambia Kadzo.

"Ngoja, bibi," alisema Kadzo, akionyesha kioo. "Mbele huku kuna sauti nyingine."

Ulikuwepo ukimya wa pili, ambao sikuurekodi mimi. Baada yake radio ilisikika ikibonyezwa, na Bi Shamsa akaanza kusema. Nilizisikiliza kaseti za mji huu maisha yangu yote, na hiyo ndiyo pekee niliyoisikia ikianza bila salamu.

"Mbarak," alisema. "Mkeo kanena, nami nimemsikia. Huwasikia nyote. Mbele ya watu nazima, wakiondoka nawasha. Asemayo ni kweli, na mimi sitamwambia kuwa ni kweli. Mwanao yuwaita radio baba. Hawa wakienda Mambrui, humu nitakaa na nani? Huyu msichana namsema kwa kuwa ndiye niliye naye. Rudi, mwanangu, usingoje mwakani. Na usimwambie kuwa nimekwambia. Akijua nimemtetea atanizoea."

Radio ikabonyezwa tena. Mstari kwenye kioo ukanyooka mpaka mwisho wa utepe.

 Bi Rukia alimwita mumewe kwa sauti ambayo sikuisikia kwake tangu ujana. Mbarak alikuja akasimama mlangoni, ameushika mkwaju kwa mikono miwili.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka yote hii?"

"Mama alisema nisiseme," alijibu Mbarak. "Nawe hukuuliza." Alingoja kidogo aone kama kuna swali jingine, akarudi kwenye benchi.

"Nilimwosha kwa mikono yangu," Bi Rukia aliniambia. "Nikawa namwambia moyoni, nilikuweza. Yeye alikuwa amelala pale, Rozi, na siri yake." Alilia basi, bila kujificha, na mimi nililia naye, nikiwa nimevunja masharti ya kazi mwaka wa mwisho. Kadzo aliinuka akaenda kuitazama feni.

Alipotulia alijifuta kwa ncha ya leso.

"Kadzo, mashine yako hii hurekodi," aliuliza, "au husikiza tu?"

Kadzo akamwekea kipaza sauti. Bi Rukia alikisogeza karibu, akatazama mlango kama umefungwa. Ulikuwa umefungwa. Akanitazama mimi, nami nikaweka kidole kwenye kitufe nilichoonyeshwa, kwa kuwa kubonyeza ndiyo kazi yangu.

"Swaleh," alisema. Hakumsalimia. "Mkeo yuko nje, hajui nasema nini. Yuwalia, na mimi namgombeza, na haki ni yake. Mwanao yuwaibusu simu. Wewe uliwahi kuiita radio baba, muulize baba yako. Rudi, mwanangu. Na usimwambie Aisha kuwa ni mimi."

Nikabonyeza. Kadzo aliituma Doha, na ilikuwa imefika kabla Bi Rukia hajavaa viatu. Aliuliza habari ya ile kaseti. Nilimwambia tutamwekea. Alisema ile ya Aisha tuiache, asitiwe kitu kwenye simu yake, somo limeahirishwa. Kisha akafungua mlango, akatoka, na jambo la kwanza tulilolisikia ni akimuuliza Aisha kwa nini mtoto hana kofia na jua lote hili.

Walikwisha kushika njia ndipo Aisha aliporudi mbio, ati kasahau mkoba wa mtoto. Mkoba ulikuwa begani kwake.

"Shikamoo, shangazi," aliniambia.

"Marahaba."

"Mama katoka na macho mekundu. Alikuwa akisema nini humo ndani?"

Msichana wa watu alikuwa amesimama pale pale aliposimama Rukia wakati ule akingoja nitikise kichwa. Niliichukua pamba, nikaanza kusafisha kichwa cha deki ambacho kilikuwa safi.

"Sikusikia, mwanangu," nilimwambia. "Mimi kazi yangu ni kubonyeza."